Karatasi Tatu za Mguu wa Kushoto

Scola Sebastiani alianza kuuza viatu vya mtumba pale sokoni Mazwi mwaka ule serikali ilipochoka kuwauliza watu wanauza nini. Wateja wake wengi hakuwahi kuwaona sura. Aliwajua kwa miguu, tena ya kwenye karatasi. Mtu wa kijijini Chala akitaka kiatu alikanyaga ukurasa wa daftari, mkewe akazungusha kalamu, ukurasa ukapanda baiskeli kuja mjini. Scola aliulinganisha na viatu vya robota alilonunua Tunduma. Mguu wake wa kushoto aliuchora pia kila baada ya mavuno, maana ulizidi wa kulia kwa upana, na hakuwa tayari kuteswa na bidhaa yake mwenyewe.

Mwaka 1993 aliona doa jeusi chini ya kidole kidogo, kama punje ya ulezi. Alilitia kwenye mchoro, ajue pa kulegeza soli. Mwaka uliofuata lilikuwa punje ya mahindi. Mwaka 1995 lilikuwa halina umbo la heshima: upande mmoja umetambaa, kingo zimepinda kama ziwa kwenye ramani, katikati jeusi, pembeni kahawia.

Mumewe, Marselino, alitoa pini kwenye ukosi wa shati.

"Funza huyo. Lete mguu."

"Funza gani, baba Jenifa, anakaa miaka mitatu hawashi, hatagi? Hata mpangaji hana adabu hiyo."

"Basi umekanyaga vitu vya watu."

"Mwenye dawa ya kuchora hivi angefungua duka. Rudisha pini. Mimi sichokolewi."

Marselino alikuwa ametoa funza kwa nusu ya mtaa wao wa Milanzi na hakuna aliyewahi kumkatalia. Aliirudisha pini kama askari aliyevuliwa cheo.

Kwenye kituo cha afya mganga alitazama mguu bila kuinuka kitini.

"Sugu hiyo, mama. Badilisha viatu."

"Sugu imetoa damu juzi. Na redio imesema alama inayokua, inayobadilika rangi au kutoa damu, ionyeshwe. Isije ikawa kansa."

"Redio ilikuwa inasema na wazungu. Sisi ngozi yetu nyeusi inatukinga."

Scola akavua na kiatu cha kulia. Akapandisha nyayo zote mbili mezani, kando ya mhuri.

"Haya. Nionyeshe hapo ngozi nyeusi iko wapi, ukiacha hilo doa."

Mganga akatazama mhuri. Scola akapanga karatasi tatu mbele yake, kila moja na mwaka wake.

"Nani kachora?"

"Mimi. Wewe kazi yako kuandika, yangu kuchora. Mimi nimemaliza. Andika barua ya kwenda hospitali ya Mbeya, la sivyo miguu haishuki."

"Mwandikie, mwanangu," bibi mmoja alisema kutoka kwenye foleni. "Na sisi tuna magonjwa yetu."

Mganga aliandika: *Kwa kusisitiza kwa mgonjwa.*

Mbeya daktari alizitazama karatasi muda mrefu kuliko alivyoutazama mguu. Walikata kipande, wakapima. Ilikuwa kansa ya ngozi, na ile ya unyayoni, alimwambia, haihitaji jua wala haiulizi rangi ya mtu. Ilikuwa haijasambaa mpaka kwenye tezi za kinena. Waliondoa vidole viwili na nyama iliyovizunguka, wakamtaka arudi kila miezi mitatu. Zaidi ya hapo hawakumwahidi kitu, naye alisema hakuja kutafuta ahadi.

Aliporudi Mazwi alichora mguu upya. Wa kushoto sasa haukuzidi wa kulia.

"Hatimaye navaa namba moja miguu yote," alimwambia Marselino, aliyekuwa akichomeka pini yake ukosini.

Tangu hapo karatasi isiyoeleza hali ya unyayo aliirudisha ilikotoka. Wengine walinuna, wakanunua kwingine. Siku moja mganga mwenyewe alikuja kutafuta kiatu cheusi cha kanisani.

"Nimekuja kununua tu, mama."

"Naona. Vua, geuza unyayo."

Aligeuza.