Njuga za Mikononi

Polio ilichukua miguu yangu ikaniachia mikono na mdomo, na vyote viwili nimevitumia barabara.

Kijiji chetu cha ujamaa kilikuwa mwendo wa asubuhi nzima kutoka stesheni ya Bukene. Nilitembea kwa makalio na mikono, na mikononi nilivaa katambuga, vile viatu vya tairi la gari, kwa sababu mchanga wa kiangazi unaunguza. Kwenye shamba la kijiji nilipalilia karanga nikiwa nimekaa, na mstari wangu ulikuwa safi kuliko ya hao wenye miguu. Sijisifu, waulizeni.

Mwaka ule nilitaka kitu kimoja tu: kuingia uwanjani siku ya Saba Saba na kikundi chetu cha ngoma. Nyimbo zote nilizijua, nyingine nilizitunga mwenyewe. Tatizo ni manju, kiongozi wa kikundi. Alikuwa mjomba wangu, kaka wa mama, mbishi kama punda.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Jibu ni lile lile."

"Jamani, hata sijauliza!"

"Mwanangu, njuga hufungwa miguuni. Halafu ukikaa chini, nani atakuona? Watu watahamia kwa wenzetu."

Kwetu vikundi viwili hucheza wakati mmoja, uwanja mmoja, na watazamaji huhamia kule kunakowanogea. Aliyevuta watu wengi ndiye mshindi. Kwa hiyo hofu ya mjomba haikuwa ya kijinga, lakini iliniuma. Iliniuma sana.

"Kwenye palizi nafaa, kwenye ngoma sifai?" nikamwambia. "Ujamaa gani huo, wa jembe tu?"

Mama mkubwa, aliyekuwa akipepeta karanga pale, alicheka mpaka ungo ukamponyoka. Mjomba akaona haya.

"Basi, utakaa pembeni, mwishoni. Tukishindwa usinililie."

Siku ikafika. Wapinzani wetu wakaja na chatu, chatu mzima, kamzunguka mtu shingoni! Watu wote wakaenda kwa chatu. Kwetu walibaki vikongwe wachache na mama mkubwa. Mjomba akanitazama kama vile chatu nimemleta mimi.

Nikasema moyoni, liwalo na liwe. Nikagonga katambuga chini, njuga nilizofunga mikononi zikaitikia. Nikazunguka kwa makalio, nikajirusha, nikadaka wimbo. Mama mkubwa akapiga kigelegele, vikongwe wakapokea.

Wale wa kwa chatu wakageuka. Wakaona migongo ya vikongwe tu, mimi sionekani. Sasa mtu asiyeona ndiye anayesukuma!

"Kuna nini huko?"

"Sijui, twende!"

Wakaja, na wengine wakaja kuwatazama waliokuja. Mwenye chatu naye akaja na chatu wake, na hakukosa nafasi. Hapo wa nyuma wakaanza kelele: "Nyie wa mbele, kaeni chini, nasi tuone!" Wa mbele wakakaa. Wa katikati wakakaa. Hata katibu kata akakaa mavumbini na suruali yake iliyopigwa pasi.

Nikainua macho. Maisha yangu yote kwenye mikusanyiko nilikuwa nimezoea kutazama magoti ya watu. Siku ile niliona nyuso, uwanja mzima, na zote zinacheka nami. Nilitaka kulia, lakini wimbo ulikuwa haujaisha.

Aliyebaki amesimama mbele yangu alikuwa mmoja tu.

"We manju, kaa chini, unatuziba!"

Mjomba akakaa kando yangu, miguu yake mirefu hajui aiweke wapi. Akafungua njuga zake miguuni, akaninyooshea mikono.

"Nifunge," akasema.

Nikamfunga, nikakaza.