Kofia ya Kapya Mlangoni

Katika Élisabethville yote hakuna aliyejua kulala mchana kama Kapya, na anayebisha alete wake tuwapime. Wiki ya zamu ya usiku, alitoka kwenye tanuru la shaba alfajiri, akala bukari baridi, ugali wa jana, akatundika kofia yake ya kazi kwenye msumari wa mlango, akaanguka kitandani. Kambi nzima ya wafanyakazi ilijua maana ya kofia hiyo: humu amelala mtu wa usiku. Wanawake walihamisha vinu, na jogoo wa jirani alifukuzwa kwa heshima zote.

Papa Laurent hakuwa mtu wa kambi. Alishuka garimoshi kutoka kaskazini, mkulima wa kuamka kabla ya ndege, kumkagua huyu Kapya aliyemposa binti yake Germaine, ambaye alikuja naye. Saa nne ya asubuhi akakuta kofia nje. Vijana wa mji bwana, mali wanawaachia wezi! Akaitoa msumarini, akaingia nayo. Ndani, mposaji anakoroma mdomo wazi.

Nje wanawake wakaona msumari mtupu, wakarudisha vinu. Twanga, twanga. Kapya akaamka, mchi ukimgonga kichwani.

"Jua iko juu, na weye iko unalala," akasema Laurent. "Mutoto yangu atakula nini, ndoto?"

"Papa, natoka kazi. Nilikesha."

"Kukesha njo nini kwa mwanaume? Leo nitakaa macho mpaka urudi. Kesho nikiwa muzima, Germaine anapanda garimoshi na mimi."

Germaine, aliyekuwa akimimina kahawa, akatabasamu tu. "Papa, umesema mwenyewe."

Usiku ule Kapya alikwenda tanuruni na usingizi wa nusu siku. Pale saa kumi ndiyo saa mbaya, mwili unashuka kama jiwe kisimani, kwa hiyo watu huitana majina kwa wimbo, na asiyeitika hupigwa mpini wa sepetu ubavuni. Kapya aliitwa mara tatu. Ubavu wake ukajibu badala yake.

Alfajiri akamkuta Laurent kitini, macho wazi, mekundu kama pilipili. Kapya akajua amemkosa Germaine.

"Nilisema nini?" akasema mzee. "Germaine, beba sanduku."

Tena akaamkia nguzo ya nyumba: "Jambo, mama." Germaine akanong'ona kwamba tangu saa kumi baba yake anatia chumvi katika kahawa na kuisifu. Mzee akainama kufunga kamba ya kiatu. Hakuinuka.

Wakamlaza kitandani. Kapya akatundika kofia msumarini, vinu vikahama, naye akajinyoosha kwenye mkeka. Garimoshi likapiga filimbi, likaenda zake.

Saa tisa mchana Laurent akafumbua jicho moja. "Nani alitia muchanga kwa macho yangu? Garimoshi?"

"Imeenda, Papa."

"Na weye unafanyaka hivi siku ngapi?"

"Sita. Leo narudi tena."

Mzee akashuka kitandani. "Basi lala, mukwe wangu. Garimoshi ingine itakuja kwa harusi."

Akatoka, akaketi mlangoni chini ya kofia, fimbo mkononi. Jogoo akapita.

"Nyamaza, we! Mukwe wangu analala!"

Sauti ile ilifika kambi ya pili. Kapya aliamka, akacheka ndani ya blanketi, akalala tena.