Chetezo cha Wakwe na Pampu Niliyoifunga Mwenyewe

Dada yangu Fatu aliponiuliza, "Kaka, na sekondari yote uliyosoma, kweli tumsubiri Mchopa?" nilipaswa kumjibu ndiyo, tumsubiri, kisha niendelee kunywa uji wangu. Badala yake nikasema, "Nileteeni spana." Naona haya kusimulia hata leo, uzeeni, lakini ninyi wenzangu mmekuwa mkikisimulia kisa hiki kwa namna inayonipendelea, na mimi nimekuwa nikinyamaza, basi leo nisikilizeni.

Ilikuwa miaka ile simu za mkononi zimeshafika Nachingwea, lakini aliyekwenda kijijini Marambo ndiyo humpati tena mpaka arudi. Nilikuwa na gari, saluni ndogo ya Kijapani iliyochoka kabla haijanifikia, na Ijumaa nilitakiwa kumfikisha Hadija, binti wa dada Fatu, kwa wakwe zake Ruangwa. Kwetu mnajua, mjomba ndiye anayempeleka bibi harusi na ndiye anayetoa neno la ukoo, na asipotoa neno hakuna anayegusa sinia. Sasa Jumanne gari likakataa kuwaka.

Akaja Mchopa, fundi wetu na mtani wangu, utani tuliourithi kwa babu zetu. Jamani, yule mtu alikuwa fundi! Alilaza sikio kwenye kiti cha nyuma, maana tangi liko chini yake, akaniambia nigeuze ufunguo, akasikiliza kama mkunga, akasema, "Pampu ya ndani ya tangi imekufa," na hakuwa amefungua hata skrubu moja. Niliwahi kumwona akifungua tangi la mtu mwingine: kwanza alipiga brashi mdomo wa tangi pole pole mpaka punje ya mwisho ya vumbi letu jekundu ikatoka, ndipo akashika spana. Darasa la nne tu, lakini mikono yake ilikuwa na adabu kuliko vinywa vya wengi wetu tuliosoma.

Pampu mpya ikaja Alhamisi mchana na basi la Masasi, na saa hiyo hiyo Mchopa akaitwa Marambo, mashine ya kusaga imesimama na kijiji kizima hakina unga. Akaniahidi kurudi alfajiri.

"Mtani," akasema akifunga begi lake, "hilo tangi usiliguse. Wewe umesoma, tangi halijasoma. Ukilifungua utamchoma bibi harusi, mimi nije kula pilau ya msiba."

"Nenda zako, mtani," nikamjibu, "wewe hata pancha ya baiskeli unaziba kwa dua."

Tukacheka. Hapo ndipo kosa langu lilipozaliwa, kwa sababu mtu aliyekutania miaka thelathini, aliyekwisha kuingia kwako akabeba jogoo mbele ya macho yako nawe ukacheka, siku akikwambia neno la kweli unalicheka vile vile.

Basi Fatu aliponiuliza lile swali lake, nikang'oa kiti cha nyuma, nikafungua kifuniko, nikanyanyua pampu (bila brashi, bila kupunguza mafuta, na tangi limejaa pomoni kwa sababu nilikuwa nimelijaza kwa maringo ya harusi), petroli ikanimwagikia mapajani, nikaendelea. Kwenye boksi la pampu mpya kulikuwa na mpira mwembamba wa mviringo wa kuziba mdomo wa tangi. Nikaupima kwa macho, nikauona mwembamba mno, nikauweka barazani, nikarudisha ule wa zamani. Ule wa zamani ulikuwa umevimba kwa petroli, ukawa haukai kwenye njia yake, nikiubana huku unachomoka kule. Nikakumbuka nilimwona Mchopa akiziba tangi la lori linalovuja kwa sabuni ya mche. Nikapaka sabuni, nikakaza. Gari likawaka mara moja! Fatu akapiga kigelegele, nami nikanawa mikono kama daktari.

Ijumaa tukaondoka jua linachomoza, hata sikumsubiri Mchopa nimwoneshe. Hadija na mama yake nyuma, mimi mbele na kofia yangu mpya. Mlima wa kwanza tu, Hadija akasema, "Mjomba, nasikia kizunguzungu."

"Ni harufu ya gari lililotoka kutengenezwa," nikasema.

Mlima wa pili: "Mjomba, kiti kimelowa."

Tukafungua vioo vyote, vumbi likaingia, na kila gari lilipopanda mlima, petroli ilichuruzika chini ya kiti, mpaka tunaingia Ruangwa yule binti aliyekandwa liwa siku saba alikuwa mwekundu usoni kama tofali, na gauni lake linanuka kama duka la mafuta ya taa.

Wakwe walikuwa wamejipanga mlangoni, vigelegele, ngoma, na mama mkwe anakuja mbio na chetezo, makaa yanawaka, udi unafuka, anataka amfukize mkwewe pale pale garini kabla hajakanyaga chini. Nilipoyaona yale makaa nikaikumbuka petroli iliyolowesha kiti. Sikusema "jamani, subirini." Niliruka, nikampokonya mama wa watu chetezo kwa mikono mitupu, nikakirusha, kikapasuka miguuni pa wajomba wa bwana harusi.

Ngoma ikanyamaza.

"Mjomba gani huyu anatupa udi wetu?" akauliza mkubwa wao. "Neno la mtu huyu hatulitaki. Warudi kwao."

Fatu akaanza kulia. Mimi nikabaki napuliza viganja vyangu vilivyoungua.

Ndipo pikipiki ikasimama, akashuka Mchopa, vumbi mpaka kwenye kope, ule mpira mwembamba mkononi. Alikuwa ameukuta barazani kwangu saa moja asubuhi, akaelewa, akatufuata. Akanusa, akaona chetezo, akapiga magoti mbele ya wazee.

"Wazee wangu, kosa ni langu. Mimi ndiye fundi, nilifunga tangi nikasahau mpira huu. Huyu mzee amemwokoa mwanenu asiungue."

Kisha akanitazama. Alinitazama kitambo kizuri. Nami nikainamisha kichwa kama mtu anayemsamehe fundi wake.

Wazee wakapoa, hata wakanisifu. Hadija akaogeshwa, nikatoa neno, na pilau nikala kwa kijiko maana mikono ilifungwa kitambaa. Mchopa hakula. Alikuwa nje akilifunga tangi upya, kwa brashi, punje kwa punje.

Jioni akanipa ufunguo. "Nilidhani utasema," akaniambia. "Hata baada ya kula ungesema."

Ruangwa hakuna aliyempelekea gari tena. Hakulalamika. Ila tangu siku ile alianza kuniita "Mheshimiwa Mzee", akanisalimia kwa heshima zote, na hakugusa jogoo wangu tena. Nilimtukana sokoni kama zamani nikitumaini atanirudishia, akanijibu, "Ahsante, Mzee."

Gari nililiuza, na tangi la mtu sijaligusa wala sitaligusa. Hadija ana watoto wanne na anaishi vizuri. Mimi nilifungua tangi ili nionekane najua, na nikampoteza mtani wangu: Mchopa alikufa akiniheshimu.