Sindano Nilizozimwaga Chooni

Ndugu yangu alikuwa fundi wa rangi. Alipaka mahoteli ya Bamburi, kisha nyumba za watu, kisha akawa hapaki tena. Alipoanza kujidunga unga mama yetu alikuwa ameshafariki, kwa hivyo hilo halikumfika. Tulibaki wawili kule Mjambere. Mimi nilishona nguo barazani, yeye alishinda maskani, pale walipokutana wenzake wa kujidunga.

Siku moja nikifagia chumbani kwake nilikuta mfuko wa karatasi chini ya godoro. Mlikuwa na sindano mpya zilizofungwa moja moja, vichupa vya maji safi, pamba, na kadi ya kituo ambacho majirani walikuwa wakikisema kwamba kinawagawia mateja, watumiaji wa unga, sindano. Nilichokiona mimi ni kuwa kuna mtu analipwa mshahara kumsaidia ndugu yangu kufa. Nilizimwaga zote chooni, nikanawa mikono, nikarudi kumalizia dera la mteja.

Alasiri akaja kuziulizia.

"Dada, mfuko wangu uko wapi?"

"Chooni."

Aliniangalia bila hasira. "Na unadhani ndiyo nimeacha?"

Akatoka.

Kesho yake asubuhi alikuja mwanamke mwenye buibui, makamo ya mama yangu, mikono imejaa makovu. Nilimwamkia, akaitikia, akakaa kwenye mkeka. Alisema anatoka Bofu, anafanya kazi kituoni, na kwamba naye alijidunga miaka mingi. Alikuja kwa sababu ndugu yangu alipokwenda maskani jana hakuwa na sindano yake, na hiyo si kawaida yake.

Nilimweleza nilichofanya. Nilimweleza kwa fahari, wallahi.

"Sikuja kukugombeza, mwanangu," alisema. "Mamangu alizichoma zangu. Lakini teja hudunga, sindano iwepo isiwepo. Jana ndugu yako alitumia ya mwenzake, kisha mwenzake akaitumia hiyo hiyo. Kuna vidonge vya kuzuia virusi vya Ukimwi, lakini lazima vianzwe kabla ya siku tatu kwisha. Nimekuja unisaidie kuwatoa maskani tuwapeleke kituoni."

Sikuwa nimewahi kufika maskani. Ilikuwa ni nyumba isiyoezekwa, watu kama kumi wamekaa kwenye kivuli cha ukuta. Walimjua yule mama, wakamwamkia vizuri. Ndugu yangu aliinuka mara moja. Mwenzake, kijana wa Kigiriama aliyekuwa akibeba mizigo sokoni Kongowea, alisema hana haja. Yule mama alikaa chini karibu naye wakazungumza muda mrefu. Mimi nilisimama juani. Mwisho alikubali.

Kituoni kila mmoja alipimwa kwanza. Ndugu yangu alitoka akaniambia mwenyewe: alikuwa na virusi tayari, vya siku nyingi, kabla ya mfuko ule na pengine kabla ya kituo chenyewe kufika mtaani kwetu. Kwake vile vidonge vya kuzuia havikuwa na kazi tena. Mwenzake alikuwa salama, kwa kipimo cha siku ile, lakini ametumia sindano iliyotoka mkononi mwa ndugu yangu. Nilielewa hesabu hiyo bila kuelezwa. Ndugu yangu pia aliielewa. Hakuna aliyenilaumu, na ningependa wanilaumu.

Kijana alipewa vidonge vya mwezi mzima. Vilimtia kichefuchefu, na siku ya nne alitaka kuvitupa. Nikaanza kumpelekea uji kila asubuhi. Alikunywa uji, akameza, nikachukua kikombe, nikaondoka. Hatukuwa na mengi ya kuzungumza. Mara moja aliniuliza, "Dada, kwani mimi nani wako?" Nikamwambia amalize uji.

Kilichofuata kilikuwa kusubiri. Baada ya miezi mitatu alipimwa tena, akaja mpaka barazani kwangu, mara ya kwanza na ya mwisho. "Hakuna kitu," alisema. Nilisema alhamdulillahi, nikaendelea kushona. Baadaye alirudi kwao Kaloleni. Sijui kama ameacha.

Ndugu yangu sasa anameza dawa za virusi jioni, na kila siku asubuhi anakwenda kituoni kunywa methadoni, dawa ya kushika nafasi ya unga, mbele ya muuguzi, iwe Idi au siku ya mvua. Tulipoalikwa harusi ya siku tatu Lunga Lunga, alibaki. Ami yetu alimwambia kwamba ameacha bwana mmoja kashika mwingine.

"Kweli, ami," alimjibu. "Lakini huyu ananirudisha nyumbani saa tatu asubuhi, na mchana wote ni wangu."

Wiki iliyopita alipata kazi ya kupaka madrasa. Alirudi na rangi ya kijani kwenye nywele, akalala kabla ya kula.