Diski Nilizozihukumu kwa Rangi

Kosa langu la kwanza kubwa katika ufundi lilikuwa kuhukumu chuma kwa rangi yake. Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, nikitengeneza magari Homa Bay katika gereji ndogo. Mwenye gereji alikuwa ameniachia funguo kwa wiki moja, yeye akaenda Kisumu kutafuta vipuri. Sikuwa nimesomea ufundi popote. Nilikuwa na kitabu kimoja cha Kiingereza, kamusi, na hofu. Nikifunga nati, naifungua tena nihakikishe kwamba nilikuwa nimeifunga. Spana nilizisugua kwa mswaki wa meno.

Jumapili moja asubuhi, mwishoni mwa miaka ya sitini, likaletwa gari la nyumba kutoka ufukweni hapo jirani. Mji mzima ulilijua: gari refu jeupe lenye kitanda, jiko na mapazia ya maua, ambalo Mzungu mmoja alimwachia dereva wake alipokuwa akirudi kwao. Dereva huyo, sasa mzee, aliishi ndani yake na mkewe. Walizunguka masokoni, leo Rangwe, kesho Rodi Kopany, mama akishona sare za shule kwa cherehani iliyokaa chini ya dirisha.

"Fundi," mzee akasema, "linasaga. Nikikanyaga breki linasaga kama kinu cha mahindi."

Nikavua gurudumu la mbele. Breki zake hazikuwa zile tulizozizoea za dramu, yaani ngoma ya chuma inayofunika breki kwa ndani. Zilikuwa za diski: sahani ya chuma inayozunguka pamoja na gurudumu, ikibanwa na pedi pande zote mbili ili gari lisimame. Nilikuwa nimeziona kitabuni tu, na kitabuni sahani ilikuwa inang'aa. Hii ilikuwa nyekundu kwa kutu kutoka ukingoni hadi katikati. Nikafungua upande wa pili. Nyekundu vilevile.

"Zimekufa," nikasema.

"Zote mbili?"

"Zote mbili. Lazima mpya, na hizo ni za kuagiza Nairobi, pengine hata Ulaya."

Ningeweza kupima. Kalipa, kile kifaa cha kupimia unene wa chuma, ilikuwa mfukoni mwangu. Sikuitoa kwa sababu sikutaka mzee anione nikifungua kitabu kutafuta vipimo.

Mzee akamtazama mkewe. "Basi. Yule mfanyabiashara wa Migori amelitaka muda mrefu, alikate nyuma afanye lori la samaki. Nitamtumia ujumbe aje Jumatano."

"Na mimi atanikata wapi?" mama akauliza.

"Wewe hutafutiwi vipuri Nairobi."

Wakacheka. Lakini mama alipopanda ngazi ya gari, aliushika mlango kwa mikono miwili. Wakaondoka polepole kwenda kwa ndugu wa mama, njia ya Rangwe.

Jumanne mchana wakapitia tena gerejini. Walikuwa wanaipeleka cherehani kwa mpwa wao mjini, kabla gari halijauzwa. Mama akashuka na bakuli la nyoyo, yaani mahindi na maharage yaliyochemshwa pamoja, bado ya moto.

"Kula, nyathina," akasema. Hivyo ndivyo mama wa Kijaluo humwita mtoto wake. "Umekonda kwa kusoma. Fundi mwingine angetudanganya, tuje tufe kwenye mteremko."

Nikalipokea bakuli.

"Ila tangu Jumapili halisagi," mzee akasema. "Au masikio yangu nayo yamekufa?"

"Halisagi kabisa?"

"Lilisaga asubuhi ile tu. Jumapili huwa linalalamika kidogo, lakini safari hii lilizidi."

"Ni Sabato ya Jumamosi," mama akasema. "Hata gari hununa likikatazwa kwenda."

Nikaweka bakuli chini. Nikawauliza Ijumaa huwa wanafanya nini. Mama akanieleza kama anayemweleza mgeni: Ijumaa wanaliingiza ziwani, maji yafike katikati ya magurudumu, wanaliosha ili jua likitua kila kitu kiwe safi. Jumamosi haliguswi. Na Jumamosi iliyopita mvua ilikuwa imenyesha kutwa.

Nikavua gurudumu. Diski ilikuwa inang'aa kama sufuria iliyosuguliwa kwa majivu. Pedi zenyewe zilikuwa zimeifuta kutu kwa mwendo wa kwenda Rangwe. Nikapitisha ukucha juu yake, haukukwama popote. Nikatoa kalipa, nikapima mahali panane, nikafungua kitabu kutafuta unene unaoruhusiwa. Diski ilikuwa bado na nyama tele. Upande wa pili, vilevile.

"Mzee, nilikosea," nikasema. "Diski zako ni nzima. Ilikuwa kutu ya maji tu. Jumapili sikupima. Niliogopa."

Mzee akainama kuitazama diski. "Ulimwogopa nani?"

"Wewe."

Mama alicheka hadi akakaa kwenye ngazi. "Huyu? Huyu anaogopa kuku wangu!"

Mzee hakucheka. "Funga gurudumu," akasema. "Kisha panda, ukae mbele na mimi. Kama ni nzima, ni nzima kwetu sote."

Tukaenda hadi Rodi Kopany. Kwenye kila mteremko alikanyaga breki kwa nguvu, akinitazama mimi badala ya barabara, na kila mara gari lilisimama bila kusaga wala kuvuta upande. Tulipokuwa tunarudi alianza kupiga mluzi.

Jumatano yule mfanyabiashara alifika. Mzee akaniita na kunisimamisha mbele yake. "Fundi, mwambie." Nikamwambia gari haliuzwi, na kwamba aliyempotezea safari ni mimi. Alinitusi kwa Kiswahili na Kijaluo, kisha akarudi Migori na lori lake la zamani. Mama alikuwa ndani ya gari, anaifunga tena cherehani mahali pake chini ya dirisha.

Tangu wakati ule, gari likiletwa nauliza kwanza lilioshwa lini na limesimama siku ngapi. Kisha napima. Na nisipojua, nasema sijui.