Nilihesabu vifurushi vya kachori, nikamwacha Bi Mkubwa mianzini

Msomaji wetu wa Tanga ametuomba tulisitiri jina lake. Maneno ni yake mwenyewe.

Ndugu wasomaji, nawasalimu kwa heshima. Mimi ni kijana wa miaka ishirini na sita, mhitimu wa shahada ya utawala wa biashara, mjukuu wa mkata mkonge na wa kwanza katika ukoo wetu kuvaa joho. Nipo katika kipindi cha majaribio kwa mfanyabiashara mmoja wa hapa mjini, na hivi karibuni itaamuliwa kama nitaajiriwa rasmi.

Wiki mbili zilizopita tajiri alinikabidhi matembezi ya siku moja ya familia yake na wafanyakazi, kwenda kuona msitu wa mianzi kule Amani. Nilitaka kila kitu kinyooke. Tulipofika Muheza nilinunua machungwa, mihogo ya kukaanga na kachori, nikaagiza kachori zifungwe vifurushi kumi na tisa, kimoja kwa kila mtu, vya kula wakati wa kurudi.

Mianzi ile imesongamana hata mchana huwa kama magharibi, na upepo ukipita hulia kama milango mibovu. Muongoza wageni wetu, kaka mmoja Mshambaa, alinionya mapema: "Wahesabu watu wako, kaka. Ukungu wa huku haubishi hodi." Nilipoanza kuhesabu kwa kidole, Bi Mkubwa, mama yake tajiri, akanikemea huku akicheka: "Mwanangu, watuhesabu kama kuku wa mnadani? Binadamu hahesabiwi, atapungua!" Wote wakaangua kicheko. Nikaona haya, nikaacha.

Wakati wa kuondoka ukungu ulikuwa umeshuka. Nikabuni hesabu isiyomkera mtu: nikagawa vifurushi kwenye milango ya magari yetu mawili. Kapu lilipobaki tupu, nikaamini tumetimia. Muongozaji akaniuliza, "Wote wamepanda?" Nikamjibu, "Wote." Baadaye ndipo nilipojua kwamba dereva mmoja alijichukulia viwili.

Tulikuwa tumeteremka kama nusu saa tajiri aliponipigia simu kutoka gari la mbele. "Mama yupo kwenu?" Nikasema, "Yupo, mzee," bila hata kugeuka. Nilipogeuka, kwenye kiti chake palikuwa na mkoba tu.

Sijapata kuogopa vile maishani. Tuliporudi niliita mpaka sauti ikanikauka, na kila mwanzi uliolia nilidhani ni yeye. Muongozaji ndiye aliyemkuta, ameketi shinani mwa mianzi, kiatu kimoja hana, mikono ya baridi, midomo ikisoma dua. "Nimewaita," alisema. "Nimewaita nyote."

Tajiri alifika akifoka: nani aliyesema watu wametimia? Macho yote yakanigeukia. Nikamwonyesha muongozaji. "Ni yeye aliyeniambia, mzee." Yule kaka akafungua mdomo, lakini tajiri hakumpa nafasi.

Tangu siku hiyo muongozaji amesimamishwa kazi. Bi Mkubwa yu mzima, ingawa sasa halali mpaka taa iwe inawaka. Jana tajiri aliniita: "Wewe ndiye msomi wetu. Niandikie maelezo, nani alikosea na vipi. Ijumaa nayapeleka kwa wakubwa wake, asiongoze mtu tena." Akaongeza kwamba barua yangu ya ajira ataitia saini siku hiyo hiyo.

Jioni muongozaji akanipigia. Hakunitukana. "Kaka, nasikia wewe ndiye unayeandika. Mimi nina watoto wawili. Andika tu vile ilivyokuwa." Akakata.

Nimekwisha kuandika rasimu tatu. Zote ni uongo, na zote zimeandikwa vizuri. Hilo ndilo linalonitisha kuliko ule msitu. Nikisema kweli, tajiri atajua kwamba nilimwacha mama yake na kisha nikamdanganya mara mbili. Nyumbani mama yangu ameshawatangazia majirani kuwa mwanawe kaajiriwa.

Leo ni Jumatano. Ninawasihi, kaka na dada zangu, na wazazi mnaosoma hapa, msinionee haya: keshokutwa nimkabidhi tajiri karatasi ipi?