Siku Mtaa Mzima Ulipopoteza Kiuno

Shemeji yangu, mume wa dada, ni fundi majokofu, na hakuna anachokipenda kama upepo uliobanwa. Mtungi wowote wa gesi ukizeeka mtaani, mrithi ni yeye. Ana bunduki za upepo tatu alizoziunda mwenyewe kwa mabomba, na mtambo wa kurushia viazi ambao uliwahi kupeleka kiazi hadi kwenye ndoo ya jirani aliyekuwa anafua. Wanaume wengine hujisifia magari. Yeye na wenzake wawili, kinyozi na mwalimu wa hesabu, hujisifia kurasa: wanafunga daftari kuukuu kwenye gogo, wanafyatua, kisha wanahesabu risasi imetoboa kurasa ngapi. Kinyozi alikuwa amefikisha themanini na nne, na mwezi mzima hatukupumua kwa majigambo yake.

Jumamosi moja asubuhi shemeji akamaliza bunduki mpya. Kwa pupa akachukua daftari nene la jalada la kaki pale sebuleni, akidhani ni mojawapo ya yale makuukuu anayoletewa na mwalimu. Akafyatua. Kurasa tisini na moja! Mtu mzima na kitambi chake akarukaruka uani. Mwalimu akafungua daftari ahakikishe hesabu, akasoma kidogo, akalifunga taratibu, akakumbuka ghafla kwamba ana shughuli nyumbani.

Lilikuwa daftari la vipimo la dada. Dada ni fundi cherehani, na mle mna wateja wake wa miaka kumi na miwili, kila mmoja na ukurasa wake: bega, kifua, kiuno, nyonga, urefu. Mpangilio ni uleule na mwandiko wa dada hauyumbi, kwa hiyo risasi ilipita palepale kila ukurasa. Mtaa mzima ulipoteza kiuno.

Dada hakupiga kelele, na hapo ndipo nilipoogopa.

"Baba watoto," alisema, "viuno vyangu virudi vyote. Kimoja kikikosekana, hayo mabomba nampa muuza vyuma chakavu."

Basi tukaanza kuzunguka nyumba kwa nyumba, shemeji na daftari, mimi na futi ya kushonea. Mimi ndiye niliyepima, maana nani atakubali kuzungushiwa futi kiunoni na fundi majokofu? Karani wa posta alibana pumzi mpaka macho yakamtoka.

"Andika ishirini na nane!"

"Mama, pumua kwanza," nikamwambia.

"Nikipumua utaandika uongo."

Muuza mkaa naye aligoma kupimwa mpaka aambiwe nani mwingine kanenepa. Nikamwambia, Mungu anisamehe. Shemeji aliandika yote kwa penseli, jasho likimchuruzika, na wiki nzima hakugusa hata kizibo cha mtungi.

Ukabaki ukurasa mmoja. Niliuona mimi kwanza, nikatamani nisingeufungua. Juu uliandikwa "Mama". Mama yetu alifariki miaka miwili iliyopita, na magauni yake tulishayagawa yote. Shemeji akakaa kitako kizingitini.

"Hiki sasa nakitoa wapi?" akauliza.

Nilimhurumia, na papo hapo nilitamani kumkaba.

Daftari alilipeleka mwenyewe kwa dada.

"Vimerudi vyote isipokuwa cha mama," akamwambia. "Mabomba nimeshayatoa nje. Mwite tu huyo wa vyuma."

Dada aliutazama ule ukurasa. Nikajua sasa ndiyo tunasikia kelele zote alizozibana wiki nzima. Badala yake akasimama, akasogeza kiti pembeni, akafumba macho. Akanyoosha mikono, akaizungusha kwenye hewa tupu mbele yake mpaka vidole vikagusana, jinsi alivyokuwa akimkumbatia mama.

"Nilikuwa nafika hapa," akasema. "Pimeni haraka kabla sijasahau."

Shemeji akanipokonya futi. Akaizungusha polepole kwa ndani ya mikono ya mkewe, akijitahidi asiisogeze hata kidogo.

"Thelathini na sita," akanong'ona.

Dada hakufumbua macho.

"Andika thelathini na saba," akasema. "Mama hapendi nguo ya kubana."